Kopo Namba Nne

Haya ninayoandika ni kweli tupu, neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikitia chumvi hata punje moja, basi mkono huu ninaoandikia uvimbe usishike kalamu wiki nzima. Mashahidi wapo kumi na wawili, na mmoja wao ni mzee mwenye sura ya kuvutia kuliko wote, ambaye mtamjua mbele ya safari.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika ukumbi mdogo nyuma ya zahanati. Bibi Fundi, mshonaji wa miaka sabini na mmoja, alishika kipima nguvu cha mkono, akafumba macho, akakibana. Mshale ukasimama kwenye kilo kumi na tano.

"Rudia, mama," alisema Binti Maabara.

Akarudia. Kumi na nne.

Wiki nne nyuma alikuwa amefika kumi na nane.

Binti Maabara alikuwa akifanya utafiti wa unga wa choroko. Protini ya choroko aliikatakata kwa kimeng'enya mpaka ikawa vipande vidogo sana, ndiyo peptidi, akitumaini vitasaidia misuli ya wazee isinyauke. Wazee walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kopo lake. Sita walikuwa na peptidi, sita unga wa kawaida, na hakuna aliyejua wake ni upi. Kijiko kimoja cha gramu ishirini kwenye uji, siku tano kwa wiki, kisha mazoezi. Majibu yalikuwa kwenye bahasha kumi na mbili zilizofungwa kwa gundi.

Binti alichana bahasha ya namba nne, ya Bibi Fundi. Ndani: peptidi. Akachota unga wa kopo namba nne, akakoroga kwenye glasi ya maji. Peptidi zake huyeyuka kama sukari. Huu ukazama chini kama mchanga.

"Mtu amelichezea kopo hili," alisema. "Na keshokutwa wanakuja wakubwa zangu. Wakikuta hivi, wanafunga kila kitu."

Bibi Fundi alikitazama kiganja chake. "Na gauni la harusi la mjukuu wangu? Kitambaa kiko mezani, nimekikata nusu. Mkasi ulishaanza kunitii, sasa umeninunia tena."

"Haiwezekani," alisema mumewe, namba tano, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hazimi. Kisha akazima. Huzuni tu, msifikirie mengine.

Aliyefikiria mengine ni Mama Mizani, namba tisa. Huyu alitumia miaka ishirini na tisa kukagua mizani za maduka, na hakuwa na raha duniani mpaka kila kitu kilingane. Alianza kutembea, dirishani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka dirishani, ndala zikipiga sakafu tapa, tapa.

"Si upime makopo yote kwenye maji?" aliuliza.

"Nikipima nitajua nani anakula nini, na utafiti utakuwa umekufa," alijibu Binti. "Nimeshavunja siri ya mmoja. Sina ruhusa ya wa pili bila ushahidi."

Saa nne kamili Mama Mizani alimweka kitako Tingatinga, mwalimu wa mazoezi, mtu mwenye shingo pana kama pipa.

"Wewe unapenda unga wa misuli?"

"Napenda, mama. Lakini nanunua."

"Alhamisi nilikuona unalamba kijiko nyuma ya mlango."

Tingatinga aliinamisha kichwa. "Maziwa ya unga, mama. Ya chai ya ofisi. Usimwambie Mpishi, nakusihi."

"Nimeshasikia!" Mpishi alipaza sauti kutoka jikoni. "Na mimi nimekuwa nikilaumu panya!"

Saa nne na nusu zamu ikawa ya Mpishi mwenyewe. Ufunguo wa kabati la makopo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wake.

"Nani mwingine anaugusa?"

"Anayeosha bakuli. Wazee wanaosha kwa zamu, mimi natoka kumwaga taka, robo saa hivi."

"Orodha ya zamu unayo?"

"Iko ukutani, inanuka vitunguu, lakini inasomeka."

Mama Mizani aliisoma, akaendelea kutembea. Tapa, tapa. Redio alimwomba akae, maana anamtia kizunguzungu. Hakukaa. Alikwenda kabatini akasimama mbele ya makopo, na hapo ndala zikanyamaza.

"Binti, namba umezibandika kwenye vifuniko?"

"Ndiyo, ili Mpishi azione kwa juu."

"Kwenye kopo lenyewe hakuna kitu?"

Binti aligeuza kopo moja, akageuza la pili. Hakuna namba.

"Niletee mzani wa jikoni. Sitafungua hata moja."

Saa sita mchana wote walikuwa wamezunguka meza. Mama Mizani alimwomba Binti asome daftari. Kila kopo lilianza na gramu elfu moja na mia mbili. Siku arobaini za uji zilikuwa zimepita, gramu mia nane zimeliwa, kwa hiyo zinabaki mia nne.

"Kwa wote?"

"Wote isipokuwa namba tano. Wiki ya pili alikosa siku tatu, alikuwa anang'olewa jino. Lake linatakiwa kuzidi kwa gramu sitini."

Mama Mizani aliweka kopo namba tano juu ya mzani, akatoa uzito wa kopo tupu. Mia nne. Akaweka namba nne, la Bibi Fundi. Mia nne na sitini.

"Unga haujaibwa," alisema Mama Mizani. "Vifuniko vimebadilishana. Mama amekuwa akila kopo la mumewe, na mumewe la mama. Ijumaa ya wiki ya tano, wiki ile ile mama alipofika kumi na nane, nani aliosha bakuli? Namba tano. Na leo nani amepanda kutoka ishirini na nne hadi ishirini na saba? Shemeji Redio, sema, maana leo tu ndiyo tunakuomba useme."

Mzee alisimama wima kama askari, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti ya heshima:

"Nilimpa kopo langu! Binti alituambia siku ya kwanza kwamba peptidi kwa asili ni chungu. Unga wangu ulikuwa mchungu kama shubiri. Nikaonja wa mke wangu, laini kama kakao. Nikajua mimi ndiye mwenye peptidi yenyewe. Mimi mikono ya nini? Ya kushika rimoti? Mwenye kazi ya mikono ni yeye."

Binti Maabara alijishika kichwa. "Mzee wangu! Uchungu wa peptidi niliufunika kwa kakao. Ule wa unga wa kawaida niliutia mwenyewe kwa makusudi, watu wasitofautishe makopo. Labda nilizidisha."

Bibi Fundi alimgeukia mumewe polepole. "Kwa hiyo umeninyang'anya kwa mapenzi."

"Kama kilichompandisha mzee ni unga au ni mazoezi, bado sijui, ndicho ninachotafuta," alisema Binti. Jumatano aliwaambia wakubwa wake ukweli wote. Namba nne na tano waliondolewa kwenye hesabu, kumi wakaendelea, namba zikabandikwa kwenye makopo yenyewe, na Bibi Fundi akarudishiwa kopo lake waziwazi.

Hapo ndipo nilipotaka kuweka nukta, lakini kuna mtu anasoma nyuma ya bega langu.

"'Sura ya kuvutia kuliko wote'? Nani huyo?"

"Mhusika tu, mke wangu."

"Na hii ya kusimama wima kama askari? Redio, wewe ulijifungia chooni! Tingatinga ndiye aliyeung'oa mlango!"

"Ni mapambo ya hadithi."

"Ulikula kiapo. Weka kalamu chini. Kitambaa cha gauni hiki hapa, mkasi huu hapa. Nguvu zangu za wiki tatu ziko kwenye mkono wako, zifanye kazi yangu."

Nimekata sketi, mikono miwili na kola. Kidole gumba kimevimba kama nyanya. Mistari hii ya mwisho nimeiandika kwa mkono wa kushoto.