Kipimo cha Uzi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifungua jokofu na kutoa mfuko ulioandikwa kwa wino mwekundu: SI KITOWEO. Mwandiko ulikuwa wa mama. Alikubali panya waliogandishwa wakae jokofuni mwake kwa sharti hilo tu, baada ya siku moja kuukuta mfuko kati ya samaki na maharage.

Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alimfuga Uzi, chatu mdogo aliyeanguliwa katika bustani ya nyoka alikofanya kazi shangazi yake. Shangazi alimpa kwa majaribio ya miezi mitatu. Akimtunza vizuri, Uzi angebaki. Akishindwa, angerudi bustanini.

"Panya mmoja kila Jumamosi," shangazi aliagiza, "na unene wake usizidi unene wa tumbo la Uzi. Kila kitu uandike daftarini."

Miezi miwili na nusu ilipita vizuri. Jumamosi moja Chiriku aliloweka panya kwenye maji ya vuguvugu mpaka barafu ikaisha, akamfuta, akamning'iniza kwa koleo refu. Uzi alitoa ulimi mara mbili, akachomoka, akamkamata.

"Nyoka gani huyu?" kaka yake alimkejeli. "Kamba za viatu vyangu ni nene kuliko yeye."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake, Jumapili, Chiriku aliazima tepu ya baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, akamtoa Uzi kwenye tangi lake la kioo. Nyoka alikuwa mtulivu, mzito mkononi. Mwezi uliopita tumbo lilikuwa na mzunguko wa sentimita tisa. Sasa tepu ilisoma kumi na mbili.

Alikimbia hadi kwa jirani aliyefuga panya weupe na kuwauza wakiwa wamegandishwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Panya.

"Nataka wa sentimita kumi na mbili, bibi. Uzi amenenepa."

"Mjukuu wangu, huyo anakua kama boga wakati wa masika," Bibi Panya alisema, akamchagulia mkubwa.

Jumamosi iliyofuata Uzi alihangaika sana kummeza. Jumapili Chiriku alimtoa tena, akampima: kumi na nne. Jumatatu asubuhi chumba kilinuka. Panya wa Jumamosi alikuwa kwenye tangi, ametapikwa bila kumeng'enywa, ameloa. Uzi alikuwa amejikunja pembeni, kichwa chini.

"Safisha, uandike 'ameshiba'," kaka alimnong'oneza. "Jumamosi mpe mwingine. Shangazi atajuaje?"

Zilikuwa zimebaki siku tano majaribio yaishe. Chiriku alisafisha. Akaandika: Ameshiba.

Jioni walikula kimya. Baba alimtazama mara mbili.

"Leo redio yetu imeharibika?"

Chiriku alikuwa akiwaza Jumamosi: shangazi angefika, angesoma lile neno moja, angesema mlishe. Na Uzi, ambaye tumbo lake lilikuwa gonjwa, asingeweza kumwambia mtu yeyote. Aliweka kijiko chini, akaleta daftari mezani, akalikata lile neno kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: Ametapika.

"Baba, naomba simu," alisema. "Nampigia shangazi."

Shangazi alikuja kesho yake akitokea kazini, bado amevaa buti. Alimkagua Uzi mdomo na tumbo, kisha akaketi na daftari.

"Tumbo limetoka tisa hadi kumi na nne. Ulimpima lini?"

"Jumapili zote mbili, shangazi. Jumapili anatulia."

Baba, aliyekuwa kwenye cherehani, alitoa pini mdomoni kwanza ndipo akacheka.

"Mwanangu, mteja aliyetoka karamuni simpimi kiuno. Nikimpima, wiki ijayo suruali inamwanguka."

"Hukumpima Uzi," shangazi alisema. "Ulimpima panya aliyekuwa ndani yake. Tena ulimshika siku aliyotakiwa kuachwa. Baada ya kula, nyoka haguswi siku mbili."

Chiriku alisogea karibu na tangi. "Kwa hiyo unamchukua?"

"Kosa la tepu linarekebishika. Lile neno ulilolikata lingebaki, Jumamosi ningekuambia umlishe, na hapo ndipo tungempoteza. Wiki mbili ni maji tu. Kisha panya mdogo, nusu ya wale wa tisa. Majaribio nayaongeza mwezi."

Wiki mbili zilitambaa polepole kuliko Uzi mwenyewe. Chiriku alibadilisha maji kila asubuhi. Jumamosi ya panya mdogo ilipofika, Uzi alimmeza bila taabu. Jumapili tepu ilibaki kwenye droo. Jumatatu familia nzima ilizunguka tangi, na mama akainama kunusa kama anayejaribu mchuzi.

"Sinusi kitu," alitangaza, na kicheko kikajaa chumba.

Mwezi ulipokwisha, shangazi alifika siku ya Ijumaa, tumbo la Uzi likiwa tupu. Chiriku alipima mbele yake: tisa na nusu.

"Nusu tu?" kaka aliuliza.

"Nusu," Chiriku alijibu, "lakini ni yake mwenyewe."

Shangazi aliandika kwenye ukurasa wa kwanza: Uzi anabaki. Kisha akamrudishia Chiriku daftari.

"Kinachomtosha mnyama ndicho chakula, kinachozidi ni mzigo," alisema. "Na kwa kuwa yeye hasemi, daftari hili ndilo mdomo wake. Ukiandika uongo humo, umemziba mdomo akiwa mgonjwa."

Kaka alimtazama Uzi, akamtazama dada yake, akatikisa kichwa.

"Maskini. Katika midomo yote duniani, kapewa wa Chiriku. Sasa hatutalala."