Zaituni Hataki Jua Lizame

Sogeeni karibu, niwaambie habari za Zaituni.

Zaituni ana miaka mitano. Anakaa Mikoroshini, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba yenye geti la bati na kamba ya nguo uani.

Kila siku jioni, jua linashuka nyuma ya nyumba za jirani. Na kila siku jioni, Mama anasema maneno yaleyale.

"Anua nguo. Funga madirisha. Washa taa."

Zaituni anaanua nguo. Jua linashuka kidogo.

Zaituni anafunga madirisha, mbu wasiingie. Jua linashuka tena kidogo.

Zaituni anapanda juu ya kigoda na kuwasha taa ya barazani. Ta! Jua halipo tena. Kumekuwa giza.

Na giza likiingia, Baba anaondoka.

Baba wa Zaituni ni mlinzi. Analinda ghala la saruji huko mjini. Watu wakirudi nyumbani, yeye anatoka nyumbani.

Anavaa shati lake la buluu. Anachukua tochi. Anafungua geti.

Kriii. Kta.
Baba ameshaondoka.

Zaituni hamuagi. Anajificha nyuma ya pazia na kulia kimyakimya. Pazia linalowa, naye hajali.

Siku moja Zaituni alikaa akafikiri. Alifikiri sana, mpaka uji wake ukapoa.

Nikianua nguo, jua linashuka. Nikifunga madirisha, jua linashuka. Nikiwasha taa, giza linaingia.

Kumbe giza tunalileta sisi wenyewe!

Na giza lisipoingia, Baba ataondokaje? Hawezi. Atabaki nyumbani, atakula na sisi, atalala.

Jioni ikafika. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki. Chwaaa, chwaaa.

"Zaituni, anua nguo. Funga madirisha. Washa taa."

"Sawa, Mama," akasema Zaituni.

Lakini hakuanua nguo. Hakufunga madirisha. Hakuwasha taa. Mungu amsamehe, alikwenda kusimama chini ya kamba, akalishika shati la Baba kwa mikono miwili.

Akalitazama jua. "Kaa hapohapo," akaliambia.

Jua likashuka kidogo.

Zaituni akashangaa. Nguo zote bado ziko kambani. Sasa nani anashusha jua?

Akageuka. Akaona taa barazani kwa Mama Sekela, jirani yao. Aa, kumbe ni yeye!

Zaituni akakimbia. Pa-pa-pa-pa, ndala zikalia.

"Shikamoo, Mama Sekela."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

"Naomba uzime taa."

Mama Sekela akacheka. "Nizime taa, nikae gizani kama popo? Kwa nini?"

"Kwa sababu unamwondoa baba yangu."

Mama Sekela akaacha kucheka. Alimtazama Zaituni, kisha akanyoosha mkono, akazima taa. Ta.

Ni mtu mwema, Mama Sekela.

Lakini ng'ambo ya barabara taa ikawaka. Na kule dukani ikawaka. Na nyumba ya pili, na ya tatu, na ile ya mwisho kabisa. Ta. Ta. Ta.

Zaituni hakuweza kuzizima zote. Mtu mmoja mdogo angewezaje?

Akarudi kwao polepole. Mbingu ikawa nyekundu. Halafu ikawa ya kijivu. Halafu jua likazama.

Mbu waliingia ndani kwa furaha, madirisha yote wazi. Nziii, nziii.

Zaituni akasimama tena chini ya kamba na kulishika shati.

Baba akatoka ndani, amevaa suruali na fulana. "Shati langu liko wapi leo?"

Akatazama kambani. Akaliona shati. Chini ya shati akaona miguu miwili midogo.

"Zaituni?"

"Usilivae, Baba."

Baba akachuchumaa. "Kwa nini nisilivae?"

"Sikuanua nguo," Zaituni akasema. "Sikufunga madirisha. Sikuwasha taa. Nilitaka jua lisizame, usiondoke. Na bado limezama."

Akalia. Safari hii hakulia kimyakimya. Alilia kwa sauti, mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Baba akamweka gotini. "Mwanangu, jua linazama lenyewe. Hata nguo zikikaa kambani mwaka mzima, litazama."

"Mimi silipendi likizama."

"Na mimi silipendi," Baba akasema.

Zaituni akainua uso. Hakujua kwamba watu wakubwa nao hawalipendi.

"Wewe kwa nini hulipendi?"

"Kwa sababu nawaacha. Nikifika getini nageuka nikuone. Sikuoni."

"Huwa niko nyuma ya pazia."

"Najua. Miguu inaonekana."

Zaituni akacheka kidogo, machozi bado yako mashavuni. Baba hakucheka. "Natamani nione na uso," akasema.

Mama akaingia ndani kufunga madirisha.

"Baba, ukifika kule unalala?"

"Hapana. Mlinzi halali."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Zaituni akamtazama Baba. Macho ya Baba yalikuwa mekundu. Zaituni akamhurumia kuliko alivyojihurumia mwenyewe.

Basi akalivuta shati kutoka kambani, akampa.

"Vaa, utachelewa."

Baba akavaa. Zaituni akamfunga vifungo, kimoja kimoja. Kimoja alikiruka, na shati likakaa upande. Baba aliona. Akaliacha hivyohivyo, akaenda nalo kazini.

Wakatembea pamoja mpaka getini, Zaituni ameshika kidole kimoja cha Baba.

"Baba, wewe huruhusiwi kulala. Basi mimi nitalala kwa ajili yetu wawili."

Baba akakohoa. Akawasha tochi, akaizima, akaiwasha tena.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nimechoka kweli."

Akatoka. Akageuka. Zaituni alikuwa amesimama palepale, uso wote nje, anapunga mkono.

"Kwaheri, Baba."

"Kwaheri, Zaituni."

Kriii. Kta.
Baba ameshaondoka.

Iliuma. Siwadanganyi, iliuma kama jana. Zaituni alisimama getini mpaka mwanga wa tochi ukapotea kwenye kona.

Kisha akaingia ndani upesi. Alikuwa na kazi kubwa.

Akala samaki na wali. Akanawa miguu. Akapanda kitandani bila kuambiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Mama akashusha chandarua, akakichomeka vizuri chini ya godoro.

"Leo huniombi hadithi?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Usinisemeshe, nitachelewa."

Mama akambusu, akatoka kwa kunyata.

Zaituni akasogea ukutani, akaacha nafasi ya mtu mwingine.

Akafumba jicho moja. Hilo lilikuwa lake.

Akafumba na la pili. Hilo lilikuwa la Baba.

Akalala, akalala sana.