Nilimfundisha Mwanangu Kuwasha Sigara kwa Pasi ya Mkaa

Nina miaka arobaini na saba, ni fundi cherehani hapa Tandika, wilaya ya Temeke. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika yananitia kinyaa mimi mwenyewe. Mkitaka kunitemea mate, temeni... sitajifuta!

Nilianza kuvuta sigara tangu ujana. Kazi yangu inashika mikono yote miwili, basi binti yangu Zawadi alipofika miaka tisa nikamfanya yeye ndiye kiberiti changu. Nikimwita, anafungua pasi ya mkaa, anagusisha sigara kwenye kaa la moto, anavuta mara mbili ili ishike, kisha ananichomeka mdomoni. Wateja walicheka na kumsifu kwamba ana adabu. Adabu! Mama yake akilalamika, nilimjibu kwamba mtoto hutumwa, hachagui cha kutumwa.

Hata kuninunulia sigara nilimtuma yeye, na siku moja alirudi kutoka dukani mikono mitupu. Mangi, mwenye duka la jirani, alikuwa amebandika karatasi kwenye nondo za dirisha: sheria hairuhusu kumuuzia sigara aliye chini ya miaka kumi na minane. Nilitoka mbio na futi yangu shingoni, nikamtukana mbele ya watu. Nilimwambia serikali haikumzaa huyu mtoto, nimemzaa mimi! Akiendelea kutunyima sigara, hata unga na sukari tutanunua kwingine. Maskini Mangi... alibandua karatasi yake. Tangu hapo Zawadi akisema ametumwa na baba, alipewa bila swali.

Nami nilijiona kidume kweli kweli!

Akiwa kidato cha pili, ana miaka kumi na mitano, mwalimu aliniita shuleni. Zawadi alikutwa chooni akivuta na wenzake watatu, na aliyekuwa akizileta sigara ni yeye. Alisimamishwa masomo. Mnadhani nilijilaumu? Wapi! Nilimchukua mjumbe wetu wa nyumba kumi, moja kwa moja hadi dukani, nikapiga kelele kwamba Mangi anatuulia watoto na sheria imshike.

Mangi hakupandisha sauti.

"Fundi, mie si nilikataa? Wewe ndo ulonifanya nibandue karatasi hapa. Au umesahau?"

Watu waliguna. Mjumbe, mzee aliyekuwa akiniheshimu, alinitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu, akaondoka bila kuniaga.

Nyumbani nilishika mkanda. Nilimwinamia Zawadi nikimtaka aniambie nani alimfundisha. Loh! Pumzi iliyonipiga usoni ilikuwa ya mdomo wangu mwenyewe, uvundo uleule wa miaka yote, ukitoka kwa mtoto wangu wa kike! Akajibu huku analia:

"Baba, si ulikuwa unanambia nivute vizuri isizime?"

Mkanda ulinitoka mkononi. Nilikwenda uani nikatapika.

Siku ile niliacha sigara, na huu ni mwaka wa pili. Zawadi ameshindwa. Alirudi shule, akakamatwa tena, akafukuzwa. Sasa yuko kwa shangazi yake Lindi. Mimi mkosaji nimepona, mtoto ndiye aliyebaki nayo... Haki iko wapi?

Mwezi uliopita alikuja kutusalimia. Mangi hamuuzii tena mpaka asikie kwangu. Asubuhi Zawadi alikaa karibu na cherehani, akaniamkia shikamoo mara mbili, kisha akauliza kwa upole kama sina cha kumtuma dukani. Nikasema sina. Akauliza tena. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Wazazi wenzangu, nawaomba! Kiu ya sigara ikikushika, inuka ukanunue mwenyewe, ukavutie mbali na watu kama sheria inavyotaka. Na muuza duka akimkatalia mwanao, usimtukane. Mshike mkono, umshukuru. Mimi nilimtukana mtu pekee aliyekuwa akimlinda mwanangu.