Mstari wa 212

"Lori limeacha lami." Sauti ya Mkuu ilikuwa kavu sikioni. "Una dakika tisa."

Sindano aliinamia kompyuta yake ya ThinkPad.

Jina hilo alipewa na idara ya ujasusi. Kwa wiki tatu alijifanya fundi wa tovuti katika kampuni hii ya uchukuzi. Bastola ilikuwa kiunoni. Leo haikuwa na kazi.

Lori lilimbeba shahidi aliyekuwa tayari kuwataja wasafirishaji wa silaha mmoja mmoja. Dereva alikuwa kaka yake Sindano, tumbo moja, na amri aliyopewa ni kutopokea simu ya mtu yeyote mpaka afike mahakamani. Alifuata tu ramani ya kampuni iliyokuwa kwenye simu yake. Na ramani ilikuwa ikimpeleka machimboni, kwa watu wenye bunduki.

Kwenye ThinkPad ya Sindano, ramani ile ile ilionyesha njia sahihi.

Alifungua msimbo wa ramani ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, akaweka alama nyekundu mahali programu ingepaswa kusimama kama njia ingebadilishwa hapo. Ikapita. Akaweka nyingine kumi. Ikazipita zote.

Dakika tano.

Mkuu aliuliza kama amepata chochote. Alisema hapana. Nukta ya buluu, ndogo kama punje ya mtama, ilikuwa ikitambaa kwenye kioo. Ndiye kaka yake. Hakuweza hata kumwita.

Simu ya kaka ina nini ambacho kompyuta hii haina?

Udogo.

Akalibana dirisha la ramani mpaka likawa jembamba kama simu.

Programu ikasimama. Mstari wa 212: kioo kikiwa kidogo, na lori likiwa hili, badili njia. Pembeni, jina la aliyeuandika: msimamizi wa mafundi, meza ya dirishani.

Akaufuta. Akairusha ramani mpya hewani.

"Amegeuka?"

"Bado. Na aliyefanya hivi ni msimamizi wa mafundi."

Simu ya dereva ingeipokea baada ya dakika moja. Hakukuwa na la kufanya. Sindano alikaa, mikono mapajani, akatazama nukta ikifika njia panda.

Ikasimama.

Ikakata kushoto.

Nusu saa baadaye, msimamizi alipoinua macho, askari kanzu wawili walikuwa wameshasimama mezani kwake. Sindano alichukua koti, akampita bila kumtazama.

Akiwa kwenye ngazi, simu yake iliita.

"Nimefika, mdogo wangu," kaka yake alisema. "Lakini ramani yenu leo imenizungusha kweli."

"Pole, kaka. Nitawaambia mafundi."

Akakata simu, kisha akatoka nje taratibu.