Cheti cha Tabia Njema

SAA 1:20 ASUBUHI, JUMAPILI. MUKENDO, MUSOMA.

Chumba kilikuwa nyuma ya stesheneri ya Skolastika, kati ya maboksi ya karatasi na mashine ya fotokopi iliyokufa. Burito, mkubwa wao, alichora kwa kalamu nyekundu nyuma ya fomu ya shule. Mlango. Korido. Ofisi. Sefu.

"Mnunuzi wa dhahabu yuko kanisani Bunda mpaka saa tano. Anaimbaga besi, hawezi kutoroka kwaya. Mlinzi saa nne kamili anaendaga kunywa chai kwa mama ntilie. Nusu saa. Hiyo nusu saa ni yetu."

"Kengele?" aliuliza Nicolaus, dereva.

"Imekufa tangu Pasaka," alisema Skolastika. "Niliwapelekea vitabu vya risiti, nikauliza kiumbea tu."

Burito akamgeukia Felisian. "Sefu ni ya skrini. Inataka kidole kitupu, glovu haiijui. Ndiyo maana tuna wewe. Hivyo vidole njagu hawajawahi kuviona kituoni kwao."

Felisian aliitikia kwa kichwa. Uongo wa kwanza wa siku, na hata chai alikuwa hajanywa.

Ukweli ulikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, jambazi huyu alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, akalipa, akachukua risiti, akawapa vidole vyote kumi vipakwe wino. Alitaka cheti cha tabia njema. Cheka ukipenda. Viza ilikuwa inakitaka.

Mikono iliyojifunza kufungua milango ya watu ilikuwa imepata kazi halali mtandaoni. Kampuni moja ya ng'ambo ilimlipa kila mwezi atafute matundu kwenye mifumo yao kabla wezi hawajayaona. Mwaka mzima hakugusa kufuli ya mtu. Mkewe Lucy akanunua daftari, akapiga mistari, akaandika nchi za kuhamia.

Nchi ya kwanza ilitaka mshahara mara tatu ya wake. Lucy akaikata. Ya pili ilikuwa ya viza ya matembezi: kila siku tisini unafunga begi, na ukikutwa unafanya kazi ni kosa. Akaikata kwa hasira. Ya tatu kilikuwa kisiwa chenye viza ya watu wa kazi za mtandaoni, mwaka mmoja, mke ndani. Hiyo aliizungushia duara mara mbili. Kisiwa kilitaka bima ya afya, cheti cha polisi, na taarifa ya benki ya miezi sita ionyeshe mshahara unaingia na akiba haitetereki.

"Na hela ya mkupuo wanaiulizia," Lucy alimwonya. "Isiingie hata shilingi isiyo na maelezo."

Basi mshahara ukalazwa benki. Ulilala miezi minne, ikabaki miwili. Lakini mwenye nyumba halali, na unga haulali. Burito alipopiga simu, Felisian akapiga hesabu ya kijinga kuliko zote za maisha yake: mshahara uendelee kulala, hela ya wizi ndiyo ilipie kodi na chakula. Usiku wa jana alimwambia Lucy kwamba anakwenda Bunda kurekebisha kompyuta.

Habari ya cheti hakumwambia mtu mwingine. Kwa watu hawa, anayekwenda polisi bila pingu amekwenda kuchoma wenzake. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nikishafungua, pafutwe vizuri."

Burito akatoa mfukoni kichupa cha spiriti, kizibo bado na utepe wake wa dukani. "Nitafuta mwenyewe."

SAA 4:03. BUNDA.

Mlinzi alivuka barabara. Mlango wa nyuma ulichukua dakika moja. Ndani kulinukia vumbi na marashi ya tajiri.

Felisian alipiga magoti mbele ya sefu. Alivua glovu ya kulia. Skrini ikawaka bluu. Aliwahi kulipwa kwa halali kuitafutia udhaifu sefu ya namna hii. Akagusa. Nyekundu. Akagusa tena. Nyekundu.

"Zimebaki dakika kumi na mbili," alinong'ona Burito.

"Nyamaza."

Jasho likamwingia machoni. Mara ya tatu, kijani. Mlango ulikuwa mzito, ukang'ang'ania, ikabidi avue na ya kushoto auvute kwa mikono miwili. Vidole kumi. Vilevile kumi vilivyopakwa wino.

Burito alijaza begi haraka. "Toka. Kamwambie Niko awashe gari."

"Na kufuta?"

"Toka, bwana! Mimi nafuta."

Alitoka. Alikimbia korido nzima akijiambia yamekwisha.

SAA 4:46. BARABARA KUU, KUELEKEA KIABAKARI.

Begi lilikuwa kiti cha nyuma, ubavuni mwa Felisian. Burito alikaa mbele, gazeti limekunjwa mapajani, bastola chini yake. Nicolaus aliendesha kistaarabu, kama mtu anayerudisha mashemasi parokiani.

Gari liliruka tuta. Kitu kikabingirika kutoka chini ya kiti cha mbele, kikagonga kiatu cha Felisian. Kichupa cha spiriti. Kimejaa. Utepe mzima.

Alikiokota, akakigeuza.

"Mzee, ulifuta?"

"Nimefuta."

"Kwa kutumia nini?"

Nicolaus akacheka kidogo, akaharibu kila kitu. "Mtu mwenye cheti cha tabia njema naye anaogopa nini?"

Felisian alimtazama kisogoni. Cheti kile walikijua yeye na Lucy tu.

Burito alishusha pumzi, akasema kwa upole kabisa. "Mkeo alikuja kuprinti kwa Skola. Cheti, barua ya kazi, taarifa ya benki ya hii miezi minne, kila kitu. Akamsimulia mpaka jina la kisiwa. Mwanamke mwema, hajui stesheneri ile ni ya nani. Nimekuleaga kama mdogo wangu, Feli, kumbe unaniaga kimyakimya, tena kupitia polisi."

"Sikumtaja mtu. Nilitaka viza tu, mzee. Nakuapia."

"Najua. Viza yenyewe ndiyo inayonifaa. Watakuta vidole, watapata jina, wataona uliomba cheti cha kuondoka nchini. Watasema kesharuka. Nani atakutafuta Butiama?"

Asubuhi ile Felisian alikuwa ameona sepetu kwenye buti, akadhani ni ya matope.

Aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba. Lakini kilichomchoma zaidi ni Lucy. Polisi wangemwonyesha daftari lake mwenyewe, lile duara lake la mara mbili, wamwambie mumeo kaenda peke yake. Naye angeliamini, azeeke akiamini.

SAA 4:58. KIABAKARI.

Nicolaus aliwasha indiketa ya kulia, njia ya Butiama. Kisha akatukana.

Trafiki mwenye nguo nyeupe alikuwa amesimama njia panda, mkono juu.

"Jumapili hawasimamagi hapa!"

"Simama taratibu," alisema Burito. "Mpe leseni. Feli, ukikohoa nakumaliza."

Gari likasimama. Trafiki akainama dirishani kwa Nicolaus, akachukua leseni, akaisoma kivivu. Kivulini, hatua kumi, walikaa askari watatu, bunduki mapajani.

Felisian aliwaona. Aliona na kile kisiwa, mwaka mmoja, mke ndani. Akakiacha. Ilimuuma kukiacha.

Alishusha kioo, akatoa mikono yote miwili nje, vidole vimetanuka.

"Na wewe vipi?" Trafiki alianza kucheka. "Unaombea gari?"

"Vidole hivi mnavyo, afande. Niliwaletea mwenyewe Musoma, mkanipa na risiti. Leo nimeviacha kwenye sefu ya mnunuzi wa dhahabu, Bunda. Vya hawa wawili ndio hamna."

Kicheko kikakatika. Kivulini watu watatu wakasimama kwa pamoja. Gazeti lilitikisika mapajani mwa Burito, likatulia.

"Mikono juu, wote! Wewe wa nyuma, jina lako?" alifoka askari mmoja.

"Felisian." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa nje. "Mke wangu anaitwa Lucy, yuko Musoma. Naomba apigiwe simu sasa hivi, afande. Mwambieni niko Kiabakari. Mwambieni sijaondoka."