Kuta Nne za Katikati

Kofi la kwanza lilimpata msanifu majengo shavuni, la pili likamwangusha kwenye kifusi.

"Nani kakwambia upande huku?" mchumba wake alimuuliza, nyundo kubwa mkononi.

Mkandarasi huyu walimwita Winchi, maana akiamua kung'oa kitu hakiachi. Msanifu alitema damu, akautazama ukuta uliotobolewa. Moyo ulimuuma kuliko shavu.

Hilo ndilo ghorofa refu la kwanza kujengwa mjini, na ndani halina nguzo hata moja. Kuta nne za katikati ndizo zinazobeba kila sakafu, na mapezi ya zege huko nje yanakinga jua, vyumba vina ubaridi bila feni. Mchana huo kamati ilikuwa inakuja kuamua lihifadhiwe au livunjwe. Kazi ya kulivunja ameshaahidiwa Winchi. Na habari za kuta hizo, msanifu mwenyewe ndiye aliyempa, kitandani, kwa mapenzi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kumbe ulikuwa unanisikiliza," alisema. "Nilidhani umelala."

"Wakiona nyufa watalibomoa, mimi nitalipwa, na sisi tutaoana. Nimefanya kwa ajili yetu."

"Na kunipiga ni kwa ajili yetu?"

Winchi akamkaba koo. Msanifu akamng'ata mkono mpaka meno yakagusa mfupa, akaponyoka. Nyundo ikarushwa kwa hasira, ikamkosa, ikatua kwenye kilichobaki cha ukuta.

Winchi alizoea majengo ya nguzo, ambayo ukuta ukianguka dari inabaki. Hapa dari ilinguruma. Bonge la zege likamvunja mguu, na dari yenyewe ikaanza kushuka juu yake. Mbabe akaanza kuita mama.

Ngazi zilikuwa karibu, na msanifu alizitazama. Kisha akamtukana, akaburuta vyuma vya kuegemezea vilivyoachwa na mafundi, akavisimamisha kimoja kimoja na kuvikaza huku damu ikimchuruzika kidevuni. Dari ikatulia. Akapiga simu polisi, akamtaja aliyempiga.

Kamati ilifika pamoja na polisi. Mwenyekiti alipapasa makovu mabichi ya nyundo ukutani, akaona nyufa si za uzee, akatangaza papo hapo kuwa jengo halivunjwi.

Winchi, akibebwa kwenye machela akiwa na pingu, alitabasamu kwa shida.

"Nilijua tu, bado unanipenda."

"Nilikuwa nazuia ghorofa lisianguke," msanifu alimjibu. "Wewe ulikuwa chini yake tu."