Jinsi Tekla Alivyoagana na Watasema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tekla alichota maji mtoni, akafagia uwanja, kisha akampelekea uji mbwa wake, Watasema. Ilikuwa mwaka 1956. Tekla alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, naye aliishi na wazazi wake huko Ilula, karibu na barabara kuu iendayo Iringa. Baba yake, Silvester, alikuwa mkulima. Mama yake, Evarista, aliuza nyanya na vitunguu kwa abiria wa malori yaliyosimama pale kupoza injini.

Watasema alikuwa mkubwa kwa Tekla kwa miezi michache. Silvester alimtoa kwa shemeji yake huko Kilolo, mtoto wa mbwa mdogo kuliko wenzake wote, mwenye sikio moja lililolala. Watu wakacheka. Silvester akasema, "Watasema, watachoka." Jina likawa hilo. Mbwa huyo alikua, akawa mkali kwa tumbili na nguruwe mwitu, na kwa miaka mingi shamba la Silvester halikuvunwa na mnyama hata mmoja kabla ya mwenyewe. Tekla alipoanza kutembea, alitembea kwa kumshika Watasema mgongoni.

Sasa Watasema alikuwa mzee. Tangu mvua zianze, uvimbe ulikuwa umemtoka chini ya taya, ukakua hadi ukawa kama kiazi. Hakuweza tena kutafuna mfupa. Baadaye hakuweza kutafuna ugali. Hatimaye hata uji ulimshinda. Aliulamba kidogo, akaguna, akaweka kichwa chini.

"Watasema amekula?" baba aliuliza kila siku.

"Amekula, Baba. Amemaliza," Tekla alijibu.

Haikuwa kweli. Uji ule aliwamwagia kuku nyuma ya jiko, kisha akaosha bakuli lisionekane na mabaki. Alikuwa amewasikia watu wazima wakisema kwamba mbwa asiyekula hana siku nyingi, naye alihofia kwamba baba akijua, Watasema atauawa.

Jumamosi moja jirani yao, mzee Liberatus, alipita kuazima jembe. Alisimama akamtazama mbwa aliyelala karibu na mlango wa jiko.

"Kamwene, Silvester," alisalimu kwa Kihehe. "Huyu mbwa wako anateseka. Mimi nina sumu ile ninayowatilia fisi. Kipande kimoja cha nyama, na kazi imekwisha. Sikuambii kwa ubaya."

"Najua, mzee wangu," alijibu Silvester. "Niache nifikiri."

Tekla alisikia yote. Siku ile hakugusa chakula.

Jumatatu shuleni alimweleza rafiki yake Atuganile, ambaye baba yake alikuwa fundi wa barabara na alikuwa amewahamishia Ilula kutoka Tukuyu. Atuganile aliacha kuruka kamba, akaketi.

"Usikubali sumu," alisema. "Kule kwetu paka wetu alikula sumu ya panya. Alijinyonganyonga tangu asubuhi mpaka jua likazama. Mama alitutoa nje, lakini tulimsikia."

"Sitaki sumu," Tekla alisema. "Sitaki chochote. Nataka apone tu."

"Na asipopona?"

Tekla aliokota kamba, akaanza kuikunja.

Jioni alimfuata baba yake shambani, akamwambia habari za paka wa Tukuyu. Silvester aliegemea jembe.

"Basi si sumu," alisema. "Lakini bunduki sina. Na rungu... Tekla, mimi siwezi kumpiga rungu mbwa huyu. Mkono wangu hautanyanyuka. Nikimpiga kwa woga nitampiga vibaya, naye ataumia zaidi. Wiki hii Bwana Mifugo anakuja kuchanja ng'ombe. Tutamwomba ushauri. Pengine ana dawa."

Neno hilo la dawa lilimtia Tekla moyo, maana alidhani baba alisema dawa ya kuponya.

Bwana Mifugo aliitwa Bartholomeo. Alikuja kwa Landrova ya serikali, akachanja ng'ombe wa Ilula tangu alfajiri, na alipomaliza alifuatana na Silvester hadi nyumbani. Alinawa mikono, akapiga magoti kando ya Watasema, akamwacha kwanza amnuse vidole. Kisha akamgusa taya polepole. Watasema alitetemeka, lakini hakumng'ata.

"Ni nani anayemlisha?" Bartholomeo aliuliza.

"Binti yangu," alisema Silvester.

"Njoo karibu, binti. Wewe ndiye unayemjua, kwa hiyo wewe ndiye utakayenisaidia. Anakula?"

Tekla alifungua kinywa kusema kama alivyosema siku zote. Baba yake alikuwa amesimama pale, na mama alikuwa ametoka jikoni. Watasema alimtazama, akajaribu kutikisa mkia, mkia ukainuka kidogo, ukaanguka. Mbavu zake zilihesabika. Tekla alijua kwamba akisema ukweli, mambo yatakwenda upande asioutaka. Alijua vilevile kwamba akiudanganya mkono ule uliokuwa ukimgusa Watasema kwa upole, mkono huo hautaweza kumsaidia.

"Hali," alisema. "Si leo tu. Uji nawapa kuku. Na usiku analia. Nimekuwa nikimwambia Baba kwamba anakula."

Mama alishika kiuno. Baba alitazama chini.

"Ahsante," alisema Bartholomeo. "Sasa najua. Uvimbe huu umeingia kwenye mfupa. Sina dawa ya kuuponya, wala hospitali ya mifugo ya mjini haina. Akiachwa atakufa kwa njaa, na njaa ni kifo kirefu. Lakini tunaweza kumpumzisha. Kuna bunduki, ambayo ni ya haraka ikiwa mpigaji anajua kazi yake. Kuna na sindano. Kwanza inamlaza usingizi, halafu moyo unasimama akiwa usingizini. Sindano iko Iringa. Naweza kuileta keshokutwa nikirudi."

"Ataumia?" Tekla aliuliza.

"Atasikia inamchoma, kama mwiba. Sitakudanganya. Baada ya hapo hatasikia kitu."

Silvester alimgeukia binti yake. "Wewe unaonaje, mwanangu?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza Tekla jambo kubwa kama hilo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja.

"Sindano," alisema. "Lakini asipelekwe mjini. Anaogopa gari. Na nimshike mimi kichwa."

"Itakuwa hivyo," alisema Bartholomeo. Alimwachia vidonge vya kupunguza maumivu, akamwonyesha namna ya kuvisaga na kuvichanganya na maziwa.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu alimruhusu Tekla abaki nyumbani. Vidonge vilifanya kazi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Watasema alilala bila kuguna. Mzee Liberatus alisikia habari, akaja na kibuyu cha maziwa mabichi.

"Mimi sikujua kwamba kuna njia nyingine," alimwambia Tekla. "Mpe haya. Ni ya ng'ombe aliyezaa juzi."

Watasema aliyalamba maziwa yale polepole, ndevu zake zikawa nyeupe, na Tekla akacheka. Alasiri Silvester alimbeba mbwa begani kama mtu anavyombeba mwana-kondoo, wakaenda wote watatu hadi ukingoni mwa shamba. Mahindi yalikuwa yamebeba. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa Kilolo. Watasema aliinua pua, akanusa huku na huku, kama mwenye kukagua mali yake. Wakakaa hapo mpaka baridi ilipoanza. Tekla alimsimulia mambo ambayo mbwa mwenyewe aliyajua, baba akiongeza yale ambayo binti yake alikuwa ameyasahau, na mara mbili tatu walicheka.

Bartholomeo alirudi asubuhi kama alivyoahidi. Walimlaza Watasema palepale ukingoni mwa shamba, juu ya gunia jipya. Tekla aliketi chini, akampakata kichwa. Sindano ilipoingia, Watasema alishtuka kidogo. Tekla aliendelea kumpapasa sikio lile lililolala, akimwita jina lake kwa sauti ya chini. Pumzi za mbwa zikawa ndefu, kisha nyepesi. Bwana Mifugo alimchoma tena, akasubiri, akamwekea sikio kifuani.

"Amekwenda," alisema. "Hakusikia kitu."

Silvester alikuwa amekwisha kuchimba kaburi. Walimfunika kwa gunia lile, wakarudishia udongo, na Tekla akapanga mawe juu yake ili fisi wasimfukue.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Tekla alisema, "Baba, nisamehe. Nilikudanganya siku nyingi."

"Nimekusamehe," alijibu Silvester. "Ulidanganya kwa sababu ulimpenda, hilo naliona. Lakini siku zote ulizonificha, yeye ndiye aliyeumia, si mimi wala wewe. Ulipomwambia Bwana Mifugo ukweli, ndipo sote tulipoweza kumtendea mema. Mnyama hawezi kusema anapoumwa, mwanangu. Anategemea anayemfuga aseme kwa niaba yake, na aseme kweli, hata kama kweli hiyo inamliza mwenyewe. Huko ndiko kumpenda."

Tekla aliitikia kwa kichwa. Moyo wake ulikuwa mzito, lakini haukuwa na lile fundo alilolibeba kila alipoosha bakuli nyuma ya jiko. Harufu ya maharage iliwapokea uwanjani.

"Mama," alisema alipofika mlangoni, "nina njaa."

Evarista akamwekea sahani iliyojaa, akaketi karibu naye, na Tekla akala mpaka akashiba.